Safari moja ya ziwani, idara tatu: namna ya kuchukua sampuli za maji Ghuba ya Mwanza

Utafiti unaounganisha kemia, baiolojia na takwimu huharibika mezani. Mkemia amechota maji saa moja asubuhi mdomoni mwa Mto Mirongo, mwanabaiolojia amechota saa nane mchana mita mia mbili mbele, halafu mtu wa takwimu anaombwa atafute uhusiano. Hana cha kutafuta.

Anzeni na jedwali moja kabla ya kukodi mtumbwi. Kila mstari ni chupa moja: kituo, tarehe, saa, kina, namba za GPS, aliyechota. Mtu wa takwimu awepo hapo, maana chupa tatu za kituo kimoja si vituo vitatu, na kosa hilo halirekebishiki mkishafika nyumbani.

Chupa za fosfati ziloweke usiku kucha kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10, kisha zisuuzwe mara tatu kwa maji yaliyokenekwa. Sabuni ya unga msiiguse: baadhi ina fosfati, na mabaki yake yatasomeka kama uchafu wa ziwa. Za bakteria zichemshwe kwa mvuke wa shinikizo, zijazwe kwanza, wala zisisuuzwe kwa maji ya ziwa.

Ziwani, kipimo kinachodanganya wengi ni oksijeni. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa hubeba karibu miligramu 8.3 kwa lita pwani, lakini huku ni kama 7.2. Msipoingiza mwinuko kwenye mashine ya kupimia oksijeni, maji mazima yataonekana yamepungukiwa.

Maji ya kupimia klorofili (rangi ya kijani ya mwani) yakae gizani, kwenye barafu. Mwani ukiwa mwingi kichujio huziba. Chujeni mililita 100 badala ya 500, na andikeni ujazo huo, kwani bila huo hesabu haifanyiki. Bakteria wachujwe ndani ya saa sita kwa kichujio cha mikromita 0.45, wakae nyuzi 44 kwa saa 24. Karibu na Mirongo zimueni mara 100 na mara 1,000, la sivyo makoloni, yaani vikundi vya bakteria vinavyoota kwenye sahani, yatashikana. Sahani nzuri ina makoloni 20 hadi 80.

Msiingie majini miguu mitupu. Kichocho kipo, na vimelea hutoka kwa konokono zaidi jua likiwa kali. Konokono wachotwe kwa wavu wa mpini mrefu, mkiwa na glavu na buti za mpira. (Wavuvi wa Kirumba mkitaka kuwahoji, kibali cha maadili kiombwe mapema.)

Bebeni pia chupa ya maji yaliyokenekwa, ifunguliwe ziwani kama nyingine. Ikionyesha fosfati, chafu ni chupa zenu. Na kipimo kilichoshindwa kusoma msikiandikie sifuri: andikeni "chini ya" na kiwango cha mwisho cha mashine, maana sifuri hushusha wastani wote.