Kabla hujaiachia chipu kazi ya kusimbua video

Laptopu nyingi zinazozunguka madukani Tanga ni za mtumba, na video zinazochezwa ndani yake zimerekodiwa na simu mpya kuliko laptopu yenyewe. Harusi imechukuliwa kwa HEVC (namna mojawapo ya kubana video), prosesa inahangaika, feni inalia, picha inaruka. Kwa anayetunza maktaba huria ya msimbo wa video, dawa inayotajwa kwanza ni kuiachia chipu ya picha kazi ya kusimbua, yaani kugeuza data iliyobanwa kuwa picha. Dawa hiyo inafanya kazi, ila ina masharti, na sharti kubwa halihusu kasi: ni kujua fremu itakaa wapi ikishasimbuliwa. Mifano hapa ni ya Linux, VA-API (njia ya programu kuiomba chipu isimbue) na FFmpeg (programu huria ya kushughulikia video).

Anza na mashine zilizo mezani, si zile mnazozitamani. Stika ya Core i5 haitoshi, angalia kizazi. Intel ya kizazi cha 4, kama iliyomo kwenye ThinkPad T440, inasimbua kodeki (namna za kubana video) za H.264 na MPEG-2 lakini HEVC haiijui. Kizazi cha 6 kinasimbua HEVC ya biti 8 (biti kwa kila kipimo cha rangi). HEVC ya biti 10 ilikuja na kizazi cha 7, na AV1 ikasubiri mpaka cha 11. Usidhani kipya lazima kizidi cha zamani: Raspberry Pi 4 ina kisimbuzi cha H.264, lakini Pi 5 imekiondoa na kubaki na cha HEVC peke yake.

Endesha `vainfo`, inayoorodhesha chipu inaweza nini, kwenye kila mashine na uhifadhi matokeo pamoja na msimbo. Mstari wenye VAEntrypointVLD ndio wa kusimbua; wenye EncSlice ni wa kusimba, na wapo wanaouona huo wakashangilia bure. Kumbuka pia kwamba H.264 ya biti 10 haisimbuliwi na chipu nyingi za nyumbani, ingawa jina ni lile lile. Kwa hiyo programu yako isiulize kodeki tu. Iulize profaili (aina ndogo ndani ya kodeki), idadi ya biti na ukubwa wa picha.

Kwenye dereva, Intel za kizazi cha 5 na kuendelea hutumia iHD, na za kabla yake i965. Madereva hayo yakigongana, kigezo cha mazingira LIBVA_DRIVER_NAME ndicho kinachoamua. Mtumiaji asiye kwenye kundi la `render` au `video` (inategemea toleo la Linux) hataweza kufungua faili la chipu, /dev/dri/renderD128, na mara nyingi ujumbe atakaouona hautamwambia kwamba tatizo ni ruhusa. Mashine yenye kadi mbili inaweza kuwa na renderD129 pia, kwa hiyo njia hiyo isiandikwe moja kwa moja kwenye msimbo. Na kuna la hataza (haki za uvumbuzi): mwaka 2022 Fedora ilizima usimbuaji wa H.264 na HEVC kwenye Mesa yake (kifurushi cha madereva ya picha), hivyo mwenye kadi ya AMD anaweza kuwa na chipu nzima na bado asipate kitu.

Sasa fremu yenyewe. Chipu ikimaliza kusimbua, picha haiko kwenye safu ya baiti uliyoizoea. Iko kwenye bafa (eneo la kumbukumbu) ya dereva, na programu yako inashika namba yake tu. Fremu ya 1080p ya NV12 (mpangilio wa biti 8) ni baiti 3,110,400. Ukizivuta kwenye ramu kwa `av_hwframe_transfer_data`, kwa fremu 25 kwa sekunde unabeba megabaiti 78 hivi kila sekunde, na hilo linavumilika. Fremu ya 4K ya P010 (mpangilio wa biti 10) ni baiti 24,883,200. Kwa fremu 60 ni karibu gigabaiti 1.5 kila sekunde, kisha kichezaji kinazirudisha tena kwenye chipu ili kuzionyesha. Ni sawa na kupakua samaki ufukweni Deep Sea, kuwapeleka mtaani Ngamiani, halafu kuwarudisha Deep Sea kuwauza. Kama kichezaji chako kinachora kwa OpenGL, andaa mapema njia ya `vaExportSurfaceHandle` inayotoa dma-buf (bafa inayoshirikiwa bila kunakiliwa), kisha EGL, kiungo cha OpenGL na mfumo, iisome pale pale ilipo. Usipopanga hivyo tangu mwanzo, aina ya fremu ndani ya maktaba itakuwa imeshajengwa juu ya dhana kwamba baiti zinasomeka wakati wowote, na kuibomoa baadaye ni kazi kubwa kuliko kisimbuzi chenyewe.

Hata ukiamua kuzivuta, usidhani kila mstari wa picha una baiti 1920. Dereva anaweza kuupanga kwa 2048, na ukipuuza kipimo hicho picha inalala upande kama nyumba iliyotitia. Urefu nao una mtego: 1080 haigawanyiki kwa 16, kwa hiyo H.264 huhifadhi mistari 1088 na kuagiza 8 ikatwe. Ukiona ufito wa kijani chini ya picha, umesahau kukata.

Idadi ya bafa mara nyingi huamuliwa kabla ya kuanza, hasa kwenye VA-API. H.264 inaweza kuhitaji mpaka picha 16 za rejea (zinazotumika kujenga nyingine), na HEVC mpaka 15. Ongeza ile inayosimbuliwa, na zile ambazo kichujio na kioo vimezishikilia. Kioo kikishika 3 zaidi ya ulivyopanga, bafa zinakwisha na kisimbuzi kinatoa kosa katikati ya video isiyo na kasoro yoyote. FFmpeg ina `extra_hw_frames` kwa ajili hiyo. Lakini usijaze tu: bafa 20 za 1080p ni megabaiti 63 hivi, na 20 za 4K ya P010 zinakaribia 500. Kwenye laptopu ya gigabaiti 4, ambayo chipu ya picha inakula ramu ile ile ya prosesa, hizo si ndogo.

Njia ya kurudi kwenye prosesa iandikwe kwanza, si mwishoni. Chipu ikikataa mwanzoni, `get_format` (kitendaji cha kuchagua aina ya fremu kwenye FFmpeg) huitwa tena bila chaguo lililoshindwa, na unachukua la kawaida. Ikikwama katikati, huwezi kuendelea kutoka fremu yoyote tu. Rudi kwenye fremu kuu iliyotangulia, ile isiyotegemea nyingine. `get_format` huitwa pia ukubwa wa picha ukibadilika njiani, basi usiweke ndani yake kitu kinachodhani kitaitwa mara moja. Na wapo wanaoweka nyuzi (threads) 1 kwa sababu chipu haihitaji zaidi. Siku chipu ikikataa, prosesa nzima inafanya kazi kwa uzi huo mmoja.

Majaribio yana bahati moja: H.264, HEVC na VP9 zimeainishwa mpaka biti ya mwisho, kwa hiyo matokeo ya chipu na ya prosesa lazima yafanane. Toa alama za fremu (MD5) kwa njia zote mbili, kisha zilinganishe kwa `diff`:

`ffmpeg -i a.mp4 -an -pix_fmt nv12 -f framemd5 prosesa.txt`

`ffmpeg -hwaccel vaapi -hwaccel_output_format vaapi -i a.mp4 -an -vf hwdownload,format=nv12 -f framemd5 chipu.txt`

Hiyo ni kwa video za biti 8. Za biti 10 weka p010le mahali pa nv12. MPEG-2 usiipime hivi, kwa sababu hesabu zake zinaruhusu tofauti ndogo. Kusanya klipu fupi za aina mbalimbali: ya mistari pacha (interlaced), ya biti 10, inayobadilisha ukubwa njiani, na faili lililokatika wakati wa kutumwa. Hilo la mwisho linaweza kuigandisha chipu.

Pima pia kama kuna faida. Kwa picha ndogo za orodha ya faili, kufungua kifaa kunachukua muda mrefu kuliko kusimbua fremu moja; ziachie prosesa. Kwa filamu ya saa 2 umeme ukiwa umekatika, chipu inaokoa betri, na kwa joto la Tanga mwezi Februari inaokoa feni pia. Tumia `intel_gpu_top` kuhakikisha mstari wa Video unasogea kweli, maana programu inaweza kurudi kwenye prosesa kimyakimya na wewe ukasifia chipu.

Kwa sababu hiyo, kila faili likifunguliwa, logi iandike mstari mmoja: kodeki, profaili, dereva, njia iliyochaguliwa, na sababu kama ya chipu imekataliwa. Mtumiaji wa Korogwe akilalamika kwamba video inakwama, mwombe mstari huo kabla ya kumuuliza swali lolote.