Kichanganyio cha Create hakizunguki? Anza na hesabu

Kwenye mchezo wa Minecraft wenye modi ya Create (nyongeza ya mashine na gia), mtambo ukigoma usiubomoe kwanza. Vaa miwani ya mhandisi, funga Stressometer (kipimo cha mzigo) kwenye shafti, uitazame.

Mzigo ukizidi uwezo, mtandao wote wa mashine zilizounganishwa husimama, hata mashine zisizo na kosa. Gurudumu dogo la maji hutoa uwezo wa su 256 (su ni kipimo cha mzigo, stress units) kwa mizunguko 8 kwa dakika. Kichanganyio hula su 4 kwa kila mzunguko wa dakika, presi hula 8. Kwa hiyo kwenye mizunguko 32, kichanganyio ni su 128 na presi ni su 256: gurudumu moja haliwezi kubeba vyote viwili. Ongeza la pili. Kuongeza kasi hakusaidii, maana mzigo nao hupanda, na hapo ndipo wengi hujichimbia shimo.

Mzigo uko sawa lakini kichanganyio kimelala? Kinataka angalau mizunguko 30. Gia kubwa ikisukuma ndogo, kasi huwa maradufu. Fanya hivyo mara mbili: 8, 16, 32.

Kipande kikidondoka chenyewe ukiunganisha gurudumu la pili, magurudumu hayo yanazunguka kinyume. Geuza mkondo wa maji.

Kinazunguka ila shaba na zinki havigeuki kuwa brasi? Jiko la Blaze, linalopasha moto beseni la kuchanganyia kutoka chini, limeishiwa makaa, au beseni limejaa brasi isiyotolewa. Pia acha nafasi ya bloku moja tupu kati ya beseni na kichanganyio. Ukivigusanisha, hakuna kitakachochanganywa.