Jinsi ya kuomba eneo la shule ya msingi kwa kilimo cha mboga

Kikundi cha wazazi kinachotaka kulima mboga katika eneo la shule ya msingi ya serikali nchini Tanzania kianze kwa mazungumzo na Mwalimu Mkuu, ambaye ndiye katibu wa Kamati ya Shule na ndiye anayejua ni kipande kipi kimetengwa kwa madarasa au vyoo vya baadaye. Pimeni eneo pamoja naye kwa kamba, mchore mipaka kwenye karatasi, kisha mkubaliane kuhusu maji. Jambo hili la maji lisiachwe mwishoni, kwa kuwa bomba la shule lina mita na bili yake huwa juu ya shule, na kikundi kisichosema kitamwagilia kwa maji ya nani hakitaaminiwa hata barua yake ingekuwa nzuri namna gani.

Baada ya hapo andikeni barua kwa Mwalimu Mkuu, kwa kupitia kwa Mtendaji wa Kijiji au wa Mtaa, yenye kichwa kama “YAH: MAOMBI YA KUTUMIA ENEO LA SHULE KWA KILIMO CHA MBOGA”. Tajeni ukubwa wa eneo, mazao, muda na sehemu ya mavuno itakayoingia jikoni mwa shule, na mwambatishe mchoro, orodha ya wanachama yenye saini na nakala ya cheti cha usajili wa kikundi, kama kipo.

Ombeni barua isomwe katika kikao cha Kamati ya Shule na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari, kwani ruhusa ya mdomo huondoka na mwalimu anapohamishwa. Nakala ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata. Mkikusudia kuchimba kisima au kujenga uzio wa kudumu, subirini kibali cha halmashauri.

Hatua ya mwisho ni mkataba. Uonyeshe tarehe ya kumaliza, nani atapulizia dawa na siku ngapi zitapita kabla ya kuvuna kama lebo inavyoelekeza, na kwamba wanafunzi hawatatumikishwa shambani saa za masomo. Mchicha huvunwa ndani ya mwezi mmoja hivi, kwa hiyo mkataba wa msimu unatosha kuanzia. Migomba na michungwa isipandwe bila kutajwa waziwazi, maana mazao ya kudumu huzaa madai ya fidia. Jembe lisiguse ardhi kabla kila upande haujapata nakala iliyosainiwa na kugongwa muhuri.