Kwenda Provins na watoto na bibi kutoka Paris, hivi ndivyo mnafanya

Kama mko Paris na mna siku moja na watoto, jamani msiimalizie kwenye foleni za mnara wa Eiffel, pandeni treni mwende Provins, mji wa zamani wenye ukuta. Ni treni ya laini P pale stesheni ya Gare de l'Est, kama saa moja na nusu mpaka mwisho wa reli, na Navigo (kadi ya usafiri) ya wiki ya zone zote inawafikisha maana bado ni ndani ya Île-de-France, mkoa wa Paris. Treni ya kurudi iangalieni kabisa kabla hamjatoka stesheni, hii si metro, ikikuacha unakaa sana.

Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani!! Mji wa juu ni mawe matupu, mimi nilienda nacho nikaishia kukibeba begani huku nimemshika mama yangu, bibi yao, mkono, mtoto mdogo mfunge tu mgongoni kwa kanga. Vaeni raba. Kutoka stesheni ni mlima, dakika 20 hivi kwa miguu, na wazee nendeni mdogo mdogo.

Anzeni na ukuta, upande wa lango la Porte Saint-Jean, watoto wakiwa bado na nguvu. Halafu Tour César, ule mnara wa karne ya 12, ngazi zake ni nyembamba kwelikweli, bibi abaki chini kwenye benchi. Maonyesho ya tai na mwewe huwa msimu wa joto, ulizeni saa mapema kwa sababu ndiyo yanapanga siku nzima. Na kwenye mahandaki yaliyo chini ya mji chukueni sweta hata kama ni Julai.

Zamani wafanyabiashara walikuja hapa kwenye magulio makubwa ya jimbo la Champagne, vitambaa kutoka Flanders, viungo kupitia Waitaliano, na mji ulikuwa na pesa yake wenyewe. Mama alipoona vichochoro akasema mbona kama Lamu, na kweli, yote miwili iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka mmoja, 2001.

Chakula kaeni mezani saa sita na nusu, ikifika saa nane majiko mengi yanafungwa. Msitoke bila jemu ya waridi, mama alifungua kifuniko akanusa akafumba macho, akasema hii harufu ni ya marashi ya harusini. Alinunua vichupa vinne. Viwekeni kwenye begi kubwa, la mkononi eapoti watawanyang'anya.