Panya wakiingia stoo ya nyumbani Nakuru nawe uko majuu

Ukiwa na boma Njoro, Bahati au Rongai na wewe mwenyewe unaishi ng'ambo, ujumbe huu utakufikia siku moja: "Panya wamemaliza stoo, tuma pesa ya dawa." Ombi langu kwako ni kwamba usianze na dawa. Tuma kwanza pesa ya wavu wa chuma na saruji. Mimi niko hapa Nakuru, na kazi ya kuangalia maboma ya ndugu walio nje imenionyesha kwamba stoo iliyotulia ni ile iliyozibwa. Ile inayotiwa sumu kila baada ya muda, mlango wake ukiwa na pengo la vidole viwili chini, haiishi kulalamikiwa.

Ni hesabu tu. Panya mdogo wa nyumbani hubeba mimba kwa majuma 3 hivi na huzaa watoto 5 au 6 kwa mara moja, mara kadhaa kwa mwaka. Ukiua wachache na kuacha chakula na njia ya kuingilia, nafasi yao hujazwa upesi.

Kwanza ujue unapambana na nani. Mwambie mtunza boma akupigie picha ya mavi ya panya yakiwa kando ya kijiti cha kiberiti. Yakiwa madogo kama punje ya mchele, milimita 3 hadi 6, huyo ni panya mdogo. Yakifika milimita 12 au zaidi, ni panya mkubwa, mara nyingi yule anayetembea juu ya dari. Tofauti hiyo ina maana kwa sababu panya mdogo hupenya tundu la milimita 6, upana wa penseli. Waya ya kuku haimzuii hata kidogo.

Halafu mwombe ajifungie ndani ya stoo saa sita mchana, taa ikiwa imezimwa, na apige picha kila mahali panapoingiza mwanga. Hii ndiyo njia bora ninayoijua ya kukagua jengo ukiwa maelfu ya kilomita mbali. Utaona mambo ambayo fundi hakukuambia: mawimbi ya mabati yaliyoachwa wazi pale yanapokutana na ukuta, tundu bomba la maji linapopita, ubao uliooza kwenye kona, na ule mwanya chini ya mlango. Zile picha ndizo orodha yako ya kazi. Mtumie fundi, akupe bei ya kila tundu.

Mawimbi ya mabati yajazwe saruji kama ukuta ni wa mawe. Kama ni wa mbao, yawekewe wavu wa chuma wenye matundu yasiyofika milimita 6, ukunjwe na kupigiliwa misumari. Chini ya mlango pigilia ukanda wa bati pana, kwani mbao tupu panya huzitafuna. Matundu madogo yajazwe ile waya ya kusugulia sufuria, kisha yapakwe saruji juu, maana waya peke yake hushika kutu na kuanguka. Vifaa vilipie wewe moja kwa moja kwenye nambari ya till ya duka, na ya fundi umpe baada ya kupigiwa picha tena za saa sita mchana, stoo ikiwa na giza totoro. Hapo hakuna ugomvi na mtu.

Wakati wa kufanya kazi hii ni kabla ya mavuno. Upande wa Nakuru na Trans Nzoia mahindi hupandwa Machi au Aprili na kuvunwa kuanzia Oktoba hadi Desemba. Kakamega na Bungoma wengi huanza mapema zaidi. Mabua yakikatwa, panya wa shambani hukosa maficho na chakula kwa wakati mmoja, nao hukimbilia jengo la karibu. Ndiyo maana wengi wenu mnaporudi Krismasi mnakuta stoo katika hali yake mbaya kuliko zote. Agosti ni mwezi mzuri wa kumtafuta fundi.

Ndani ya stoo, ondoa maboksi ya karatasi. Najua yana nguo za watoto, vitabu na vyombo mlivyotuma, lakini panya huyapasua na kutengeneza kiota. Yale mapipa mazito mnayosafirishia mizigo, yenye kifuniko cha kubana, yasitupwe: weka humo mbegu, chakula cha mbwa na chakula cha kuku. Magunia ya mahindi yakae juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, ili mtu aweze kupita nyuma yake na kuona. Hati ya shamba, vyeti na mkataba wowote havina kazi stoo. Vitolewe leo.

Waliobaki ndani watanaswa kwa mitego ya kufyatuka. Itegwe mingi kwa pamoja, kila baada ya mita 2 au 3, kando ya ukuta, upande wenye chambo ukigusa ukuta, kwa kuwa panya hutembea akiusugua mwili wake hapo. Siagi ya karanga inafaa sana. Upande wa Ziwa Victoria omena nayo hufanya kazi. Panya mkubwa huogopa kitu kigeni, kwa hiyo mpe chambo kwenye mtego usiotegwa kwa siku kadhaa, azoee, ndipo utege.

Sasa sumu. Inayonitia uchungu ni ile inayouzwa kwa wachuuzi, pakiti haina jina wala maelezo. Watu wanaokaa na hiyo sumu si wewe; ni mtunza boma, mke wake, na watoto wanaocheza uani na kuku. Zinki fosfaidi, iliyo katika sumu nyingi za panya, hutoa gesi ya sumu ikifika tumboni na haina dawa ya kuipinga. Sumu za kuzuia damu kuganda huua taratibu kwa siku kadhaa, na paka au bundi akimla panya huyo naye huweza kufa. Bundi huwala panya kila usiku. Tafadhali mwambie mtunza boma asimfukuze hata kama majirani wanamwogopa. Ikibidi kabisa kutumia sumu, nunua duka la pembejeo, pakiti iwe na nambari ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosimamia dawa za wadudu na panya, na iwekwe ndani ya kisanduku kinachofungwa. Mtu akiila, apelekwe hospitali mara moja pamoja na ile pakiti.

Usafi una hatari yake pia. Mkojo wa panya hubeba vijidudu vya leptospirosisi, ule ugonjwa ulioitwa homa ya mgunda ulipozuka Lindi, Tanzania, mwaka 2022 na kuua watu 3. Mavi makavu yasifagiliwe, kwani vumbi lake huvutwa puani. Milango ifunguliwe nusu saa, mtu avae glavu, anyunyize jiki iliyochanganywa sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji, asubiri dakika 5, ndipo apanguse na kuzika taka. Glavu na jiki ni juu yako wewe mwenye boma, usimwachie anunue kwa mshahara wake.

Baada ya hapo, omba picha mara moja kwa mwezi: chini ya mlango, kona nne, nyuma ya magunia, nyaya za sola, na injini ya gari kama umeliacha limeegeshwa, kwa sababu panya hutafuna waya. Yakionekana mavi mapya, tafuta tundu jipya kwanza kabla ya kuongeza mitego.