Somo: Kuvusha ngome ya vibete mwaka wa kwanza kwenye mchezo wa kompyuta wa Dwarf Fortress

Ukiona vibete wanavunja samani na kurushiana ngumi, usitafute mchawi. Angalia mapipa ya pombe, kisha angalia kama kuna maiti inaozea koridoni. Mmoja akiuawa kwenye ugomvi, ndugu na marafiki zake nao wanavurugika, na ngome nzima inaweza kwenda hivyo hivyo. Yafuatayo yafanywe mapema, wahamiaji hawajajaa.

Hatua ya 1: Pombe

Unaanza na vibete 7. Kila mmoja hunywa mara 4 hadi 5 kwa msimu, karibu 20 kwa mwaka. Pombe ikiisha watakunywa maji, ila kadiri siku zinavyokwenda ndivyo kazi inavyozorota na hasira kupanda.

Chimba kwenye tabaka la udongo chini ya ardhi, weka shamba la vigae (miraba ya ramani) 3 kwa 3, panda uyoga wa zambarau (plump helmet) misimu yote 4. Juu ya mwamba mtupu hakioti kitu mpaka umwagiwe maji upate tope.

Uyoga 1 kwenye karakana ya pombe unatoa vinywaji 5, na mbegu unabaki nayo. Ukipikwa jikoni, mbegu imekwenda. Kwa hiyo fungua menyu ya kazi, sehemu ya jikoni, uzuie kupika uyoga na pombe pia (ndiyo, mpishi akiachiwa huipika hata pombe). Vibete 20 wanahitaji vinywaji kama 400 kwa mwaka, sawa na uyoga 80.

Kazi ikikatishwa kwa sababu hakuna pipa tupu, mara nyingi ghala la mbegu ndilo limeyameza. Punguza idadi ya mapipa ya ghala hilo hadi 0, halafu chonga mitungi mikubwa ya mawe. Inafanya kazi ileile na mawe unayo tele.

Hatua ya 2: Taka na maiti

Rundo la taka liwe nje, juu ya ardhi. Kinachooza ndani hutoa mvuke mzito unaochafua roho ya kila apitaye.

Hatua ya 3: Daraja la kuinuka

Daraja hili ndilo la kumfungia adui nje. Andaa mekanizimu 3 (vipuri vya mitambo): ya kwanza inajenga wenzo (mkono wa kuvuta), mbili zilizobaki zinauunganisha wenzo na daraja. Daraja liwe na upana wa 3 ili magari ya msafara yapite kwenda kwenye kituo cha biashara, ambacho chenyewe ni 5 kwa 5. Unapolijenga, chagua upande wa kuinukia uwe wa ndani. Likiinuka linageuka ukuta hapohapo.

Wenzo uweke karibu na ukumbi wa kukutania, maana hapo hakukosi kibete asiye na kazi. Daraja halijibu papo hapo, na mnyama mkubwa sana akiwa amesimama juu yake haliinuki kabisa. Adui akionekana, vuta mapema.

Maswali ya wanachama

*Swali: Mkuu, kibete wangu kajifungia karakana, hafanyi chochote, analalamika tu. Nimfukuze?*

Hafukuziki. Amepandwa na wazimu wa ufundi. Bofya karakana usome anachodai: mifupa, mbao, kitambaa, vito na kadhalika. Maombi yanabadilika kwenye skrini, kwa hiyo subiri uyaone yote. Akipata kila kitu anatengeneza kazi ya thamani kubwa. Akikosa kwa miezi kadhaa anapata kichaa, na baadhi yao huanza kuua. Kama huna anachotaka, jenga ukuta kuizunguka karakana kabla hajatoka.

*Swali: Kuna mzimu unazunguka, lakini mwili ulichukuliwa na mto. Nitauzikaje?*

Hauhitaji mwili. Tengeneza kibao cha jiwe, toa agizo kichongwe kumbukumbu ya jina la huyo marehemu, kisha kisimamishe popote ngomeni. Kibao kilichobaki ghalani hakitulizi mzimu.

*Swali: Nimechimba mfereji kutoka mtoni kwenda kwenye kisima, maji yakapanda mpaka vyumbani.*

Hiyo ni presha. Maji ya mto hupanda upya kuelekea usawa wa mto wenyewe. Presha haipiti mshazari, kwa hiyo sehemu moja ya mfereji ichimbwe kona kwa kona, vigae viwili vigusane kwa pembe tu. Weka pia lango la maji lenye wenzo kabla ya kutoboa ukingo, na kigae cha mwisho kando ya mto kitobolewe baada ya wachimbaji wengine wote kutoka.