Kijarida cha panki kwa karatasi moja

Wapenzi wenzangu wa panki, ile roki ya kasi na makelele, hapa Kigoma, msisubiri kompyuta kutengeneza kijarida. Mwaka 1976 kule London, Mark Perry alianzisha kijarida chake Sniffin' Glue kwa taipureta, kalamu ya wino mzito na fotokopi. Mtu alikuwa na hamu tu ya kusema bendi gani zinamgusa, akasema.

Chukua A4, ikunje nusu mara tatu, upate vyumba 8. Ifungue, ikunje nusu ncha fupi zikutane, ukate kwa mkasi kuanzia katikati ya mkunjo, ukifuata alama ya mkunjo wa urefu, hadi katikati ya karatasi iliyokunjwa. Fungua tena, ikunje kwa urefu, sukuma ncha mbili kuelekea katikati: kijitabu hicho.

Sasa usiandike kwanza! Weka namba za kurasa, 1 hadi 8, halafu kifungue. Utaona kurasa nne zimesimama kichwa chini. Hiyo ndiyo ramani yako. Kazi yenyewe ifanye kwenye karatasi nyingine isiyokatwa, ukifuata ramani.

Tumia kalamu nyeusi, maana bluu hufifia kwenye kopi. Acha sentimita moja pembeni, mashine haifiki ukingoni. Picha bandika kwa uji wa muhogo uliopoa, upake mwembamba sana. Ukiwa mzito karatasi hujikunja na kingo za picha hutoka kama mistari myeusi. Hapo mwombe mtu wa stesheneri apunguze weusi kidogo. Kopi ni upande mmoja tu, kwa hiyo kila kijarida kinakugharimu kopi moja.